Waya Haupimwi Mteremkoni

Magamba, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Zuhura,

Begi lako limefungwa. Shangazi yako amelikalia mpaka zipu ikakubali, na alipokuwa amelikalia alikuambia yote: maji ya kuchemsha, chandarua, mikopo ya vitenge, na wanaume wa mjini, ambao kwa maelezo yake ni mwanamume mmoja tu anayebadilisha mashati. Kwa hiyo hayo mimi nayaruka. Ngoma ikishapigwa vizuri, mpigaji wa pili anakuja kuiharibu.

Mimi nataka kukuandikia habari za nyaya za plagi.

Usicheke. Kesho unakwenda kusimama nyuma ya kaunta ya duka la spea la Mzee Badru, Tanga, na vitu kama hivyo ndivyo utakavyouza. Halafu kuna jambo la pili. Kidato cha nne ulichomaliza kilining'inia kwenye nyaya nne za plagi. Hadithi yenyewe umeisikia vipande vipande kwa mjomba wako Kaniki, ambaye kila akiisimulia anaongeza kona moja kwenye barabara ya Mombo. Leo ichukue nzima kutoka kwangu, yenye idadi sahihi ya kona.

Lori unalikumbuka lilivyokuja. Ni miaka ile milango ya biashara ya nje ilipofunguliwa. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni ya aina moja, ghafla zikaja sabuni za kila rangi na hakuna aliyejua ipi inatoa povu. Magari nayo yakaja hivyo hivyo. Yalishuka melini yakiwa yamezeeka kwa watu wengine, yakaanza ujana upya kwetu. Letu lilikuwa dogo, la Kijapani. Injini yake ya kuzaliwa nayo, ya dizeli, ilikuwa imekufa zamani, na aliyeniuzia alikuwa ameipachikia injini ya petroli iliyotolewa kwenye gari dogo la kifahari lililopinduka. Injini hiyo ilikuwa na tabo, kile kidude cha chuma kilichojikunja, kinachoishindilia injini hewa inapokuwa na kazi nzito ili ipate nguvu zaidi. Sisi tulikiita konokono kwa jinsi kilivyokaa. Ni konokono pekee ninayemjua anayekimbiza lori.

Mimi, kama unavyojua, nilikuwa mama wa kabichi. Injini sikufundishwa na mtu. Lakini ukikaa kutwa juu ya gunia la karoti ukimsubiri fundi, una kazi mbili za kuchagua: kulalamika au kutazama. Kulalamika kulinichosha mapema. Nikatazama. Nilijua sauti ya injini iliyoshiba, na ile inayomisi, yaani inayoruka mapigo kama mzee anayepanda ngazi.

Sasa sikiliza jambo ambalo liko mbele ya macho ya kila mtu huku kwetu na kwa sababu hiyo hakuna anayeliona. Biashara yetu yote inateremka. Kabichi zinateremka, viazi vinateremka, matunda damu yanateremka. Kinachopanda kutoka Mombo ni lori tupu, dereva, na mkate wa watoto. Lori la Usambara linaweza kuishi maisha yake yote na kusifiwa, bila hata siku moja kuulizwa kama linaweza kupanda na mzigo.

Letu lilisifiwa sana.

Ukamaliza darasa la saba na hukuchaguliwa. Sikukuambia wakati ule, lakini jioni ile nilikwenda kuangalia mbuzi mara nyingi kuliko mbuzi walivyohitaji. Hukufeli, nafasi za sekondari ndizo zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vyenyewe vilikuwa vya wakubwa. Ndiyo maana wazazi tulikuwa tunajenga sekondari yetu. Kuta zilikuwa zimeshasimama, matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, maana saruji tuliitunza kwa ajili ya mkanda wa juu. Ukuta wa namna hiyo usipofunikwa, vuli ikiupiga vizuri unarudi kuwa shamba. Mbao tulikuwa nazo. Mabati na saruji vilikuwa Mombo, ghalani, chini ya mlima. Bati likipanda kabla ya mvua, shule ingefunguliwa Januari nawe ungeingia kidato cha kwanza. Lisipopanda, ungekaa nyumbani, na binti akikaa nyumbani mwaka mmoja huku kwetu, wachumba huanza kupita kuulizia kama tuna mbegu za viazi.

Kazi ya kupandisha mzigo kamati ilimpa Mzee Singano, mwenye lori kubwa la dizeli. Kila alipoulizwa alisema wiki ijayo. Wiki ijayo ya Mzee Singano ilikuwa kama ukungu wa Magamba: unauona uko pale, ukifika pale umehamia mbele.

Kwenye mkutano nikasimama. "Nitayapandisha mimi."

Mzee Singano hakugeuza hata kichwa. "Mama Zuhura, lori lako lina moyo wa teksi. Kabichi linaziweza kwa sababu kabichi njia ya chini zinaijua zenyewe."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, maana ilikuwa nzuri. Kisha nikasema, "Moyo wa teksi unajua kupanda, Mzee. Wa kwako unajua kusema wiki ijayo."

Baba yako alikuwa katibu wa kamati. Aliinama akaandika kwa bidii jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amelisema. Ilipofika saa ya kuamua, akatoka nje kukohoa ili asije akaambiwa amempendelea mkewe. Walinipa safari moja ya majaribio. Nikifika, kazi yote yangu. Nisipofika, tunarudi kwa wiki ijayo.

Kaniki, ambaye ndiye aliyekuwa dereva wangu, akasema nyaya za plagi zimepasuka, lazima zibadilishwe kwanza. Alikuwa sahihi. Waya wa plagi ni mfereji tu, mwanangu: unachukua umeme kutoka kwenye koili, kile kinachoukuza umeme wa betri, na kuupeleka kwenye plagi, kule ndani ya injini, ukaruke uwe cheche na kuwasha petroli. Umeme usipofika, petroli haiwaki, injini inamisi.

Nikapanda basi hadi Tanga, nikaingia kwa Mzee Badru, nikamwambia nataka nyaya nzuri.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipokaa, kwenye hilo neno. Muuzaji ukimwambia nzuri, anakuletea nzuri. Akanitolea nyaya nyekundu, zinang'aa kama kucha za bibi harusi, zina maandishi ya dhahabu. Miaka ile macho yetu yalikuwa na njaa ya rangi. Nilizipenda kabla sijazishika. Nilirudi nazo mapajani, nikiwa nimefungua karatasi kidogo ili abiria wa pembeni azione.

Kosa la pili ni la kwetu kabisa. Sidhani mtu wa pwani angeliweza. Kaniki alizifunga, fundi akazikagua, kisha mimi nikatazama nikaona zimetawanyika ovyo juu ya injini, moja huku nyingine kule. Mimi ni mtu wa karoti. Tangu utoto nimefundishwa kwamba kitu kizuri hufungwa fungu. Nikachukua kamba ya mgomba, nikazikusanya zote nne, nikazifunga fungu moja la kupendeza, fundo mbele, fundo nyuma. Ungeweza kulipeleka sokoni. Kaniki akatazama akasema, "Dada, limependeza." Watu wawili wajinga wakikubaliana hufurahi sana.

Tukalijaribu. Stendi, kwenye tambarare, liliimba kama cherehani. Tukalijaza kabichi tukateremka Mombo, likaenda kama maji. Nikamwambia Kaniki, pakia saruji.

Kona za mwanzo lilivumilia. Barabara ilipoanza kusimama, konokono akaanza kupiga mluzi wake wa kuleta nguvu, na hapo hapo lori likasema pu. Kaniki akakanyaga mafuta. Pu, pu. Alivyozidi kukanyaga ndivyo lilivyozidi kukata, mpaka likabaki linatetemeka bila kusogea. Tukaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Magharibi ilikuwa inaingia, na ukungu ulikuwa umetutangulia.

Mungu ana ucheshi wake. Lori lililotokea juu, taa zimewashwa, lilikuwa la Mzee Singano. Alisimama, akatoa kichwa dirishani.

"Mama Zuhura. Lori limeingia swala?"

"Limepumzika, Mzee."

"Lipumzishe vizuri. Wiki ijayo nitapita kulifunika shuka."

Akaondoka. Kaniki akasema kwa Kishambaa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya mtoto anayeanza safari.

Hapo ningeweza kukaa juu ya saruji nikalia. Nilifikiria, sikatai. Lakini nilikuwa na ile tabia yangu ya gunia la karoti. Nikamwambia Kaniki awashe injini, nikafungua boneti nitazame.

Injini ilipokuwa inanguruma polepole hakukuwa na kitu. Giza na ukungu tu.

"Kanyaga mafuta," nikamwambia. "Tia gia, shika breki, ikaze kama inayopanda."

Akakaza. Na ndani ya lile fungu langu zuri zikaanza kutembea taa. Taa za buluu, nyembamba, zinaruka kutoka waya hadi waya pale pale nilipofunga fundo, kama vimulimuli wanaogombana. Nyingine zilitoboa ganda jekundu zikarukia chuma cha injini.

Kaniki akatoa kichwa akaziona. "Dada, funga boneti. Hicho si kitu cha kutazama." Akaanza kusoma Ayatul Kursi, na kwa haki yake, aliisoma bila kukosea.

"Soma huku ukikanyaga," nikamwambia.

Akilegeza, taa zinazima. Akikaza, zinarudi. Nilisimama pale ukungu unanilowesha kichwa, na ghafla sikuwa tena barabarani. Nilikuwa shambani kwa babu yako, mdogo, nimeshika jembe, naye ananionyesha mfereji unaoleta maji kutoka mtoni. Alikuwa akisema: ukitaka kujua ukingo wa mfereji umeoza wapi, usiutazame wakati maji ni kidogo. Maji kidogo yana adabu, yanapita katikati. Fungulia maji yote, ndipo utaona yanapotorokea.

Umeme nao ni maji, Zuhura. Injini ikiwa haina kazi, cheche inaruka kwenye plagi kwa urahisi. Konokono akishashindilia hewa mle ndani, mahali pa kuruka pamebanwa, cheche inahitaji msukumo mkubwa zaidi. Msukumo ukiwa mkubwa, kila udhaifu wa njiani unaonekana. Ganda jepesi linatoboka. Nyaya zilizobanana zinaibiana. Umeme wa plagi ya kwanza unaishia kwa jirani ambaye hakuwa na haja nao. Na mimi nilikuwa nimenunua ganda jepesi kwa sababu lilikuwa jekundu, nikalifunga fungu kwa sababu mama yangu alinifundisha kufunga karoti.

Nikakata kamba kwa meno. Nikazitenganisha nyaya kwa vijiti. Zikaacha kuibiana, lakini ganda liliendelea kuvuja. Tukageuza lori tukarudi Mombo kushusha mzigo. Kwa kuwa ni mteremko, lilikwenda vizuri sana. Sijawahi kukichukia kitu kinachokwenda vizuri kama nilivyolichukia lori jioni ile.

Kwenye kamati walikubali kunipa safari ya pili, kwa sababu moja tu: Mzee Singano alikuwa amewaambia tena wiki ijayo, na upande wa baharini mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

Kabla ya kurudi Tanga nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Nilichukua kamba za mgomba, mara hii si za kufungia. Nikapima kila waya ulipaswa kuwa na urefu gani, kutoka mwanzo wake hadi plagi yake, bila kulala juu ya konokono, maana konokono akifanya kazi anakuwa wa moto kama jiko. Kamba nne, mafundo ya kuzitambulisha. Nikaingia dukani nazo mkononi kama mganga.

"Shikamoo, Mzee Badru."

"Marahaba, Mama Zuhura. Zile nyekundu vipi?"

"Zinapendeza."

"Si nilikwambia."

"Zinapendeza zikiteremka."

Akavua miwani. Nikamweleza yote, pamoja na fungu la karoti, maana ukificha nusu ya ugonjwa unapewa nusu ya dawa. Alicheka kwenye fungu la karoti mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akaanza kushusha maboksi.

Kwanza akaleta nene, za shaba tupu ndani. "Hizi umeme unapita kama mtu asiye na mzigo," akasema. Nilizipenda, lakini yeye mwenyewe akazirudisha nyuma kidogo. "Ila zina kelele. Redio itakoroma. Na kama injini yako ni ya kisasa, ina kile kiboksi kinachoipimia petroli, hicho nacho kelele hizo kinazisikia, kinachanganyikiwa."

Kiboksi kilikuwepo. Nikasema tuendelee.

Akafika mwisho wa rafu, akatoa boksi lenye vumbi. Nyaya za rangi ya majivu. Hata majivu ninayatukana. Zilikuwa rangi ya maji yaliyooshewa vyungu. "Hizi ganda lake ni silikoni, nene," akasema. "Ndani kuna uzi mwembamba uliosokotwa kama springi ya godoro. Haupigi kelele. Lakini zimekaa hapa muda, hazina mnunuzi. Watu wanataka rangi."

Nilizikunja hadi zikagusana, ganda halikukunjamana wala kupasuka. Nilichukua plagi nikaivisha kofia ya waya, ikasema tik, na nilipoivuta ilikataa kutoka. Nikaomba kibiriti.

"Mama, ukichoma umenunua."

"Ikiungua umenunua wewe."

Akanipa kibiriti, nadhani kwa sababu na yeye alitaka kujua. Kipande cha zile nyekundu, nilichokuja nacho, kilitoa povu na harufu ya kandambili. Ya majivu ilipata doa jeusi. Nikalifuta kwa kidole likatoka.

Nikapima kwa kamba zangu, zikatosha. Akaniongezea vitana vidogo vya plastiki vya kuziachanisha nyaya, kila moja ipite njia yake.

Nilipokuwa nafunga, nikamuuliza, "Kwa nini hizi hukunionyesha mara ya kwanza?"

"Hukuniambia lori linapanda na mzigo."

"Hukuniuliza."

Majibizano hayo ninayakumbuka vizuri kuliko maneno mengi niliyoambiwa maishani. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Mnunuzi alitaka uzuri, muuzaji aliuza uzuri, na katikati lilikosekana swali moja.

Siku ya safari, Mzee Singano alisikia kwamba napanda, na wiki ijayo yake ikafika ghafla. Alipakia mabati alfajiri akatangulia, ili sisi tukimkuta shuleni tumsaidie kushusha. Sisi tulipakia mabati na saruji mpaka springi za nyuma zikanyooka. Kaniki akatazama ule mzigo, akanitazama mimi.

"Dada, nisome kabisa kabla?"

"Soma. Nyaya nimeshazisomea mimi."

Barabara ilipoanza kusimama nilikaa nimeshika dashibodi kwa mikono miwili kama ndiye ninayelivuta. Pale tulipokwama mara ya kwanza, konokono akaanza mluzi. Nikafumba macho nikasubiri pu.

Haikuja.

Mluzi ukapanda, lori nalo likapanda. Kona ile ikapita. Ikaja nyingine ikapita. Ukungu ulikuwa mnene, kila kitu kimelowa, boneti linatiririka maji, na ndani ya boneti mapigo yanakwenda moja kwa moja, bila kuruka hata moja. Kaniki alianza kucheka peke yake. Dereva anayecheka peke yake kwenye kona ni jambo la kutisha, lakini siku ile nilimwacha. Soni tukaiona ikipita dirishani, wanawake wa sokoni wakasimama kutazama mzigo mkubwa unaopanda badala ya kuteremka.

Juu kidogo ya Soni tulimkuta Mzee Singano pembeni ya barabara. Lori lake lilikuwa linatoa mvuke kama chungu cha makande, naye amesimama mbele yake na dumu la maji, anasubiri lipoe.

Zuhura, maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo tangu siku ya swala na shuka, nimeyanoa, nimeyapanga. Kaniki akapunguza mwendo ili niyatumie. Nikatoa kichwa dirishani, nikamtazama mzee yule, mvi zake zimelowa, na nikamwambia kwa adabu zote nilizofundishwa:

"Shikamoo, Mzee Singano."

Shikamoo haina njia ya kukwepa. Mtu mzima ukimpa, lazima aipokee, hata kama amesimama na dumu.

"Marahaba," akasema.

Kaniki akakanyaga mafuta, konokono akapiga mluzi, tukaondoka. Mpaka leo sijapata tusi lililonitosheleza kama salamu ile.

Shuleni walikuwa wamekusanyika. Baba yako alisikia lori kabla halijatokea msituni, na Kaniki anasema alikimbia. Mwenyewe anasema alitembea haraka. Alilizunguka lori mara moja, akaweka mkono juu ya boneti la moto, akasema, "Katibu ameona." Ndiyo shairi pekee alilonitungia kwenye ndoa yetu, na linatosha.

Mabati yote yaliyobaki tuliyapandisha sisi. Mzee Singano alifika na yake jioni, tukamsaidia kushusha. Bati la mwisho lilipigiliwa misumari anga likiwa jeusi, na mvua ilipokuja, watu wazima na akili zetu tuliingia kwenye darasa lisilo na madawati tukasimama kuisikiliza juu ya bati. Nawe ulikuwepo. Ulikuwa umesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, unatazama juu. Januari uliketi chini ya bati hilo hilo.

Baadaye Mzee Singano alikuja nyumbani kwa faragha kuniuliza nilinunua wapi zile nyaya, na yeye azitie kwenye lori lake. Lori la dizeli, mwanangu, halina plagi wala nyaya zake. Mafuta yake yanawaka kwa kubanwa tu, kama watu wa kwetu. Ningeweza kumwambia. Nilimwelekeza kwa Mzee Badru, ambaye alinitumia salamu ndefu.

Zile nyekundu hazikupotea bure. Ndizo zinazofunga mlango wa banda la mbuzi. Bado zinang'aa.

Sasa Mzee Badru amezeeka, anataka mtu wa kaunta, na amekuita wewe. Alimwambia baba yako kwamba wanaojua majina ya spea ni wengi, anatafuta anayejua kuuliza. Utakuwa na wateja watakaotazama juu ya kichwa chako na kusema, "Mwenye duka yuko wapi?" Wajibu upendavyo, ulimi umerithi. Lakini siku moja atakuja mama, kanga imelowa, matope ya mlimani yamekauka miguuni, ameshika waya ulioungua kama aliyeshika mkia wa nyoka. Wanaume watatu watataka kuhudumiwa kabla yake. Atakuambia anataka nzuri. Macho yake yatakuwa yameshafika kwenye nyekundu.

Usimcheke, na usimhutubie. Muulize tu: "Mama, mzigo unaupandisha au unauteremsha?" Halafu nyamaza, mwache afikiri. Akikujibu, mpe kinachomfaa, hata kama kina rangi ya maji ya vyungu.

Na hilo swali usiwaulize wateja peke yao. Mimi nimewahi kupenda watu wakiwa wanateremka, nikashangaa baadaye. Nimewahi kujisifu mwenyewe nikiwa nateremka. Baba yako nilimchagua siku aliyobeba gunia la mama yangu kutoka bondeni hadi kwetu, anahema kama mbuzi, na hakulitua njiani. Hakuwa na rangi yoyote. Yupo kibarazani sasa hivi anasikiliza redio, na redio haikoromi.

Kesho Kaniki atakuchukua na lori lile lile, juu ya kabichi kuna nafasi ya begi lako. Utateremka. Litakwenda kama maji, utaona dunia ni rahisi, na shangazi yako atalia kidogo kwa niaba yetu sote. Mimi sitalia. Sitakusifu pia, bado. Sisi wa huku tunajua kila kitu kinapendeza kikielekea Mombo.

Nenda ukapakie. Pakia uwezavyo, vyovyote utakavyovipata huko. Na siku utakapoanza kupanda kurudi nyumbani na mzigo wako, mimi nitakuwa kibarazani hapa Magamba nimezima redio ya baba yako. Kabla hujatokea msituni nitakuwa nimeshasikia. Injini inayopanda bila kumisi naijua kwa masikio, hata kwenye ukungu.

Ni mimi mama yako,
aliyewahi kufunga nyaya fungu kama karoti